Vilio vya Maandiko na Sikio la Pwani

Horohoro ni mji mdogo wa mpakani, mwendo wa kilomita 65 kutoka Tanga kwa barabara iendayo Mombasa. Hapo mabasi husimama, mizigo hukaguliwa, pasi hupigwa mihuri, na watu wa makabila mengi hungoja pamoja. Mtu atakaye kukijua Kiswahili katika furaha yake na katika hasira yake hana haja ya safari ndefu zaidi. Mchuuzi akiambiwa kuwa bidhaa yake imezuiwa, husema "Salaale!" Jirani yake humwonea huruma, akasema "Masikini!" Kijana aliyerukwa zamu yake husema "Ebo!" Mama aliyempoteza mtoto katika msongamano, kisha akamwona nyuma ya gari, husema "Kumbe uko hapa!" Hakuna hata mmoja wao aliyefundishwa maneno hayo shuleni, wala hakuna anayeyatumia mahali pasipo pake.

Watu hao hao wakienda kanisani, au wakifungua tafsiri ya Kurani nyumbani, hukutana na Kiswahili kingine. Humo pia watu hulia, hushangaa, hukasirika na kutukanana, maana Maandiko ni habari za watu. Lakini vilio vyao vimepitishwa katika chujio, na kilichobaki mara nyingi ni maji pasipo chumvi. Wako wanaosema kwamba jambo hili ni dogo. Kwamba yakisha kufasiriwa mafundisho, sauti si kitu. Rai hiyo yafaa ikataliwe. Kilio si pambo la maneno. Kilio ndicho kimwambiacho msikilizaji kama msemaji anatisha au anahurumia, anadhihaki au anaomba. Mfasiri akikosea jina la ndege au la kipimo, msomaji hupungukiwa na elimu. Akikosea kilio, msomaji humdhania Mungu moyo asio nao.

Mfano ulio wazi kupita yote ni neno "ole". Katika Injili ya Mathayo neno moja la Kiyunani, "ouai", limetumika katika sura ya 23 juu ya waandishi na Mafarisayo wanafiki, na katika sura ya 24 juu ya wanawake wenye mimba na wenye kunyonyesha watakaopatwa na siku za dhiki. Tafsiri ya Umoja, iliyotoka kamili mwaka 1952, inasema "ole" huko na "ole" huku. Kwa mwenye kuhesabu maneno, hesabu ni sawa. Kwa mwenye kusikia, hesabu imeharibika. Wanafiki wanakemewa, wajawazito wanalililiwa. Hao wa kwanza wametenda kosa. Hao wa pili hawana kosa lolote isipokuwa kwamba tumbo ni zito na njia ya kukimbilia ni ndefu.

Sasa neno "ole" lina tabia yake katika Kiswahili, na tabia hiyo haikuulizwa. "Ole wangu" ni kilio cha mtu aliyefikwa na msiba. Hakuna ajitishaye mwenyewe. "Ole wako" ni onyo la mwenye hasira: mama humwambia mtoto "ole wako uvunje sahani hiyo", na mtoto hafikiri kuwa anahurumiwa. Kwa hiyo nafsi ya kwanza hulia na nafsi ya pili hutisha. "Ole wao" imesimama njiapanda, na katika masikio ya watu wa leo inakwenda upande wa vitisho. Mwanamke mjamzito wa Horohoro, akisomewa sura hiyo siku ya ibada, ana haki ya kuondoka na wazo kwamba Bwana alimnyoshea kidole yeye na tumbo lake. Wazo hilo ni la uongo, lakini hakulizua yeye, amelipokea kitabuni.

Iko njia nyepesi ya kupima kilio, na pwani yote inaijua: tazama mikono. Anayetisha huinua kidole. Anayeomboleza hutia mikono kichwani. Na ishara hiyo ina uzito hata watoto hukatazwa kuifanya kwa mchezo, wasije wakaita msiba. Katika sura ya 23 kidole kiko juu, na "ole" yatosha kabisa. Katika sura ya 24 mikono iko kichwani, na hapo Kiswahili kina neno lake ambalo halikuazimwa kwa ajili ya kitabu: "masikini". "Masikini wenye mimba siku hizo!" Hakuna atakayedhani kwamba anatishwa.

Watetezi wa neno moja watajibu kwamba neno moja la asili sharti lipate neno moja la tafsiri, ama sivyo kila mfasiri atafuata moyo wake. Jawabu hilo lina sura ya uaminifu, lakini wafasiri wenyewe hawakulifuata, na walifanya vema. Katika kisa cha arusi ya Kana, Yesu anamwita mamaye kwa neno la Kiyunani ambalo katika masimulizi hufasiriwa "mwanamke". Tafsiri ya Umoja haikuthubutu kumtia mwana kinywani mwito huo mbele ya mzazi wake, iliandika "Mama". Mtu yeyote aliyelelewa pwani anajua kwa nini. Basi kama wafasiri waliweza kuuliza, "Ni nani anayesema, na anasema na nani?" kwa ajili ya mwito mmoja, kwa nini wasiulize swali hilo kwa ajili ya kilio?

Wala lugha za asili zenyewe hazikudai neno moja kwa moyo mmoja. "Hoi" ya Kiebrania ilikuwa sauti ya maziko. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme nabii mzee anamlilia kwa sauti hiyo mwenziwe aliyezikwa. Manabii wa baadaye waliichukua, wakawatolea wenye dhambi walio hai, kana kwamba wamekaa matanga ya watu ambao bado wanakula na kunywa. Vitisho vyao vilipata nguvu kwa sababu kilio cha msiba kilisikika ndani yake. Kurani nayo ina "wailun", ambayo ndiyo mwanzo wa sura ya 83 juu ya wanaopunja vipimo na wa sura ya 104 juu ya wasengenyaji. Hapo kidole kiko juu, na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, katika tafsiri yake iliyotoka mwaka 1995, alifanya sawa kusema "ole". Lakini katika sura ya 11, mke wa Ibrahimu anapopewa habari kwamba atazaa katika uzee, kinywani mwake hutoka neno la shina hilo hilo. Je, bibi huyo anaomboleza? Anashangaa! Mwenye kung'ang'ania neno moja atamfanya alie msiba siku ya bishara ya mtoto.

Ili kufahamu kosa lilivyoingia, yafaa kukumbuka njia ambayo Maandiko yalipita. Mpaka unaokata nchi ya Wadigo hapo Horohoro ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, nao uligawa Biblia pamoja na ardhi. Kusini yake, Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyokuwa na kituo chake kikubwa Magila karibu na Muheza, ilitumia Biblia ya Kiunguja iliyotoka mwaka 1891, kazi iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere. Kaskazini yake ilisomwa Biblia ya Kimvita iliyotimia mwaka 1914, ambayo W. E. Taylor na Harry Binns waliifanyia kazi kubwa. Taylor alikuwa amekwisha kukusanya mithali za Waswahili katika kitabu cha mwaka 1891, na sikio lake lilikuwa kali. Kisha mwaka 1937 ikatoka Biblia ya Mjerumani Karl Roehl, na mwaka 1952 Tafsiri ya Umoja ikaja kuwaunganisha wasomaji wa pande zote.

Umoja ulikuwa jambo jema, na hakuna sababu ya kuulaumu. Lakini katika mapatano ya namna hiyo kilio huwa cha kwanza kupotea. Maneno ya mafundisho yaweza kujadiliwa mezani na watu wa Unguja, Mvita na bara hata wakakubaliana. Kilio hakijadiliki, kwa kuwa hakuna aliyekichagua. Matokeo yake, penye kilio pakatiwa neno la ofisini lisiloudhi mtu yeyote, wala kumgusa.

Roehl alikuwa na kosa la namna yake. Alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, akitaka lugha iliyo karibu zaidi na asili ya Kibantu. Nia hiyo yaweza kusemewa kheri katika mambo mengine. Katika vilio haina msingi. Mtu aliyeshtuka hachagui nasaba ya neno. Salaale, lahaula, yarabi, hasha, laiti, masikini: ng'oa maneno hayo kinywani mwa Mswahili, nawe umemfanya bubu saa ile anayohitaji kusema kupita saa zote. Kudai kuwa vilio hivyo ni vya dini moja tu ni kutosikiliza. Pwani ya Tanga Mkristo na Mwislamu wakiona nyumba inaungua husema neno moja.

Kwa haki lazima yasemwe pia mema. Katika Waraka kwa Warumi, Paulo anajiuliza maswali ya hatari kisha anayaruka kwa maneno mawili ya Kiyunani ambayo maana yake ni "isiwe". Amefanya hivyo mara 10 katika waraka huo peke yake. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitia hapo jina la Mungu, ambalo Paulo hakulitaja. Tafsiri ya Umoja iliandika "Hasha!" Ni ushindi mkubwa. Neno ni fupi, linatoka kifuani, na linamrudisha msemaji nyuma kama aliyekanyaga moto. Ni ndugu ya neno wanalosema wanawake wa mjini katika sura ya Yusufu ndani ya Kurani, walipouona uzuri wake wakakataa kuwa ni mwanadamu. Siku hizi wako wanaoona afadhali "hata kidogo", kwa kuwa ni jepesi. Jepesi ni kweli, lakini ni neno la kipimo. "Hata kidogo" hukanusha, "hasha" hukimbia.

Kadhalika kilio cha Daudi juu ya Absalomu. Katika sura ya 18 ya Kitabu cha Pili cha Samweli, mfalme anasema "mwanangu" mara tano na jina la mtoto mara tatu ndani ya kilio kimoja. Kiswahili kimeyabeba hayo bila ya shida, tena kikamtia kinywani neno "laiti", ambalo hakuna lipitalo kwa mwenye kutamani lisilowezekana. Hapo wafasiri hawakuogopa marudio, wala hawakuyakata kwa kuona kwamba msomaji amekwisha kufahamu. Mfiwa hasemi ili afahamike. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huurudia.

Lakini fungua Maombolezo. Kitabu hicho kwa Kiebrania huitwa kwa neno lake la kwanza, "Eikha", nalo ni kilio cha mtu aliyesimama mbele ya mji uliobomoka. Sura ya pili na ya nne huanza kwa neno hilo hilo. Tafsiri ya Umoja huanza na "Jinsi". Mwanafunzi asomaye neno hilo mwanzo wa ukurasa hungoja kufundishwa: jinsi ya kupanda mkonge, jinsi ya kupika wali. Neno limefuata nyayo za Kiingereza, ambacho huuliza njia na kulia msiba kwa neno moja. Kiswahili hakina haja ya mkopo huo. Kina njia yake ya kushangaa, nayo ni kukitanguliza kitendo na kukiacha kisimame peke yake: "Ulivyo mzuri!" "Alivyokonda!" "Walivyokwisha watu!" Ondoa "jinsi", tanguliza kitendo, na mji utalia. "Ulivyobaki peke yako, ewe mji!" Mjane wa Horohoro akisikia hivyo hatahitaji mfafanuzi, kwa kuwa ndivyo alivyolia mwenyewe.

Matusi nayo ni vilio vya hasira, na yamefichwa kwa haya. Katika Mathayo 5, Yesu anataja matusi mawili kwa maneno yenyewe, moja likiwa la Kiaramu, "raka", ambalo mwandishi wa Injili hakulifasiri. Tafsiri ya Umoja imeyatoa matusi yote mawili, ikasema juu ya kumfyolea ndugu na kumwapiza. Msomaji anaambiwa kwamba kulikuwa na tusi, hasikii tusi. Na fundisho lote la aya hiyo limekaa hapo, kwamba neno dogo ambalo watu hutupiana kila siku laweza kumpeleka mtu hukumuni. Neno likiwa limefichwa, kila mtu atadhani ni neno kubwa la watu wengine, si lile alilomwambia nduguye asubuhi.

Wafasiri wa Kurani wamepata mtihani kama huo katika sura ya 17, mahali ambapo mtoto anakatazwa kuwaambia wazazi wake waliozeeka hata "uff". Al-Barwani aliandika "Ah!" na alikuwa na busara ya kuacha sauti ibaki sauti. Lakini nguvu ya aya ni kwamba limekatazwa lililo dogo kabisa, ili lililo kubwa lisitajwe hata kutajwa. Dogo kabisa la pwani si "Ah", ambayo mtu huweza kuitoa kwa uchovu tu. Ni kusonya: sauti ya midomo isiyo na herufi, ambayo kijana huitoa mgongoni mwa mzee akidhani haikusikika. Fafanua aya hiyo kwa msonyo, na kila kijana aliyepo ataangalia chini.

Hapa hutolewa hoja ya heshima: kwamba Maandiko ni matakatifu, na haifai kuyatia sauti za sokoni na za matangani. Wenye hoja hiyo na wasome tena Injili ya Marko. Mwandishi huyo aliandika kwa Kiyunani, lakini alipofika msalabani aliacha kilio cha Yesu katika Kiaramu kama kilivyotoka, kisha ndipo akakifasiri. Hakuona kuwa sauti ya anayekufa ni aibu. Tena anasimulia kwamba baadhi ya waliosimama pale walikisikia vibaya. Walidhani anamwita Eliya. Walikuwa karibu, wana masikio, na bado kilio kiliwapita. Hatari ya kusikia vibaya ilikuwako tangu siku ile, na kazi ya mfasiri ni kuipunguza. Akiweka neno la ofisini mahali pa kilio ataiongeza, hata akiliita heshima.

Hoja nyingine ina uzito zaidi, na si haki kuipita. Kiswahili leo si cha pwani peke yake. Kinasomwa Kigoma, Goma na Kampala, na vilio vya Tanga si vyote vijulikanavyo huko. "Kefule!" ya mzee wa pwani haitamgusa kijana wa Bukavu, na "hasha" yenyewe imekuwa ngeni kwa vijana wengi. Ni kweli. Ndiyo maana mfasiri sharti achague, wala asiokote kila sauti aliyoisikia kwa bibi yake. Lakini iko tofauti kati ya neno geni na neno lenye kupotosha. Neno geni hufundishwa. Msomaji wa bara asiyejua "hasha" ataifahamu aisomapo mara ya pili. Neno lipotoshalo halifundishiki, kwa kuwa msomaji anadhani amekwisha kulijua. "Ole" juu ya wajawazito haimwachi mtu akiuliza, inamwacha akiogopa.

Tena maneno kama "masikini", "kumbe", "jamani" na "loo" hayana mpaka. Katika Biblia ya Kiebrania neno "hinne" limetumika zaidi ya mara 1000, na mara nyingi sana Kiswahili kimelijibu kwa "tazama", kama kwamba watu wote wa zamani walikuwa wakioneshana vitu kwa kidole. Pengine ndivyo, pengine neno hilo ni mshtuko wa moyo tu. Yakobo alipopambazukiwa akamwona Lea mahali pa Raheli, hakuambiwa na mtu atazame. Hakuna Mswahili, awe wa Horohoro au wa Goma, awezaye kuisimulia asubuhi ile bila ya "kumbe".

Kazi inayodaiwa si kubwa kama inavyodhaniwa. Haihitaji Biblia mpya wala Kurani mpya kila mwaka. Yahitaji kwamba wafasiri na wasahihishaji, kabla ya kupiga chapa, wakiandike kila kilio katika orodha, na mbele ya kila kilio wajibu maswali matatu: nani analia, analia juu ya nani, na mikono yake iko wapi. Kisha waisome orodha hiyo kwa sauti mbele ya watu ambao hawakuisoma, hasa wanawake, maana katika pwani hii wao ndio wakaao na maiti, na wao ndio wapigao vigelegele mtoto akizaliwa. Mwanamke atakayesema "hivyo hatulii sisi" amefanya kazi ambayo kamusi haiwezi kuifanya.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Mwanafunzi wa tafsiri hufundishwa nomino, vitenzi na istilahi; vihisishi huachwa mwisho wa kitabu cha sarufi, katika ukurasa usiofikiwa na mtihani. Ukurasa huo yafaa uletwe mbele. Maneno yaliyomo ni madogo, lakini ndiyo ayatumiayo mtu akifiwa, akiokoka, na akimwona ampendaye anatoka mlangoni mwa forodha akiwa salama. Mjamzito wa Horohoro ataendelea kusomewa sura ya 24 ya Mathayo. Ni juu ya wafasiri kuamua kama atatoka nje ya ibada akiwa ametishwa, au akiwa amelililiwa.